Kilo nne za Tanga katika maji ya Kigoma: uchambuzi wa kisa cha mkanda wa risasi

Kwa nini kisa hiki kimeandikwa

Kisa hiki kilitokea Ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma, kikundi chetu kidogo kilipokuwa kikihesabu samaki wa kwenye mawe. Mtu mzima mwenye afya, anayejua kuogelea kuliko sisi wote, nusura azame mita hamsini tu kutoka kwenye boti, kwa sababu ya mkanda wa uzito aliovaa kiunoni, uliojazwa vipande vya risasi (yale madini mazito, si risasi za bunduki). Majina, tarehe na mahali hasa vimeondolewa; mtu huyo nimemwita Hamisi, ambalo si jina lake. Msimamizi wa kazi ya majini siku ile nilikuwa mimi, na baadhi ya maamuzi yaliyomfikisha pale ni yangu. Hamisi ameusoma uchambuzi huu na amekubali utumike kufundishia.

Kazi, watu na vifaa

Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za sikilidi, samaki wadogo wa rangi nyingi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Nyingi huishi kwenye majabali ya ufukweni, kwenye kina ambacho mtu hufika kwa pumzi moja. Kazi yetu ilikuwa kulaza kamba ya mita 20 chini, kuogelea juu yake, kuzama hadi mita mbili au tatu, kuhesabu, kupanda na kuandika kwenye kibao cha plastiki. Mitungi ya hewa hatukuwa nayo. Kila mmoja alikuwa na miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia, mapezi ya miguuni na suti ya mpira ya milimita 3.

Suti ilihitajika kwa sababu ya baridi. Maji ya juu ya ziwa huwa na nyuzi 24 hadi 28, na hiyo ni raha kwa mtu wa kuoga na kutoka, lakini anayeelea kwa saa mbili bila kujishughulisha sana huanza kutetemeka. Shida ya suti ni kwamba mpira wake umejaa vipovu vya gesi, kwa hiyo humwelesha mtu na kumzuia kwenda chini. Ndipo unapohitajika mkanda wa risasi kiunoni.

Mikanda yetu ilitengenezwa na fundi cherehani mjini kwa mikanda ya viti vya gari, akashonea mifuko midogo, nasi tukatia risasi za nyavu. Ilikuwa imara na nadhifu. Mmoja bizimu yake ilivunjika kabla hatujaanza kazi, na tukaamua ufungwe kwa fundo mpaka bizimu nyingine ipatikane. Huo ndio mkanda aliopewa Hamisi, kwa sababu tu yeye ndiye aliyefika mwisho.

Hamisi ni mtu wa Tanga, na wakati ule alikuwa amezamia baharini kwa miaka minne. Wengine watatu majini walikuwa mimi na wanafunzi wawili. Juu ya boti alikuwapo nahodha, mzee wa Ujiji aliyelijua ziwa tangu utoto, pamoja na msaidizi wake.

Asubuhi ya kwanza

Tuliondoka mwaloni saa moja na nusu. Ziwa lilikuwa shwari na maji maangavu, mawe ya chini yakionekana kama yako mkononi. Nataja hili makusudi. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ng'ambo haionekani siku ya ukungu, mawimbi yake yanapiga ufuko kama ya pwani, na rangi yake ni ya buluu ileile. Mtu aliyekulia baharini akiingia humo mwili wake unamwambia yuko nyumbani.

Nilimuuliza, "Unavaa kilo ngapi?"

"Nne, kaka. Kilo zangu ni nne, Tanga, Mafia, popote."

Nikaandika 4 kwenye daftari. Nahodha alisikia. Alikuwa ameshika nanga, akasema bila kutugeukia, "Mwanangu, hii si bahari. Maji haya hayambebi mtu."

Hamisi alimjibu kwa heshima, "Nimekusikia, baba," kisha akanitazama mimi. Nilimwambia mzee kwamba kijana huyu ni mzoefu. Nilijua kabisa kwamba maji ya chumvi hunyanyua mtu zaidi ya maji baridi, kama anavyojua kila aliyesoma sekondari. Kilichonikosesha uamuzi sahihi ni kwamba nilidhani tofauti yenyewe ni ndogo, ya kusikika tu na kuzoeleka baada ya dakika kumi. Sikuwahi kukaa na kalamu nikaitafutia namba.

Kabla ya kuingia majini niliwakumbusha wote jambo moja zaidi: vifaa ni vya gharama, risasi hazipatikani kirahisi, atakayepoteza mkanda atatuchelewesha. Maneno hayo nitayarudia chini, kwa kuwa yalifanya kazi mbaya kuliko zile kilo.

Yaliyotokea majini

Saa ya kwanza ilipita vizuri. Hamisi alisema kwenda chini kulikuwa rahisi mno, "nainama tu nafika," na tukalichukulia kama sifa ya ustadi wake. Ilikuwa dalili ya kwanza. Ya pili niliiona lakini sikuielewa: kila alipokuwa juu akipumzika, mapezi yake hayakutulia hata kidogo. Mzamiaji aliyepangiwa uzito vizuri akipumzika juu hulala kama jani. Yeye alikuwa akipiga maji muda wote ili asishuke, na kwa sababu ana miguu yenye nguvu hakuhisi kwamba anafanya kazi.

Karibu saa nne upepo ulianza, mawimbi madogo ya sentimita thelathini hivi. Wimbi moja liliingia kwenye mrija wake. Akafanya anachofanya kila mzamiaji, akapuliza kwa nguvu ili maji yatoke. Baharini kupuliza huko hakuna madhara. Hapa, alipotoa hewa, alishuka. Ncha ya mrija ikaingia chini ya maji, na alipovuta pumzi inayofuata akavuta maji. Akakohoa, yaani akatoa hewa zaidi, akashuka zaidi.

Alitema mrija na kuinua kichwa. Kuinua kichwa nje ya maji kunaongeza uzito wa kubebwa, na miguu yake sasa ilikuwa imechoka. Nilimwona akitokeza hadi midomo, akipotea, akitokeza tena. Hakupiga kelele, wala hakupunga mkono. Mtu anayezama hana pumzi ya kupigia kelele, na mikono yake inasukuma maji chini ili kichwa kibaki juu. Mwanafunzi aliyekuwa mita sita kutoka kwake alidhani anarekebisha miwani.

Nahodha ndiye aliyeelewa kwanza. Hakuwasha injini, kwa sababu tulikuwa watu wanne majini na panga la injini halichagui. Alirusha jeriken tupu la lita 20 lililofungwa kamba, ambalo kwenye boti yake hukaa nyuma siku zote, nami nikalisukuma mbele yangu nikiogelea hadi kwa Hamisi. Nilimpa jeriken bila kumkaribia kifuani, kwa kuwa anayezama humkumbatia yeyote aliye karibu. Jeriken tupu la ukubwa ule hunyanyua karibu kilo 20, na lilimwinua palepale.

Alipokuwa amelishika nilijaribu kumvua mkanda. Fundo lilikuwa limelowa na kujikaza, vidole vyangu vikashindwa. Tulivutwa hadi botini akiwa bado na kilo nne kiunoni, na nahodha akalikata fundo kwa kisu cha kuparulia samaki.

Uamuzi wa kwenda hospitali

Baada ya robo saa Hamisi alikuwa anaongea na alitaka kurudi kazini. Mimi nilikuwa tayari kumwacha apumzike botini tumalize kamba iliyobaki. Mwanafunzi mmoja, mdogo kuliko wote, alisema, "Samahani mwalimu, bado anakohoa." Tukarudi mjini. Mtu aliyevuta maji kwenye mapafu anaweza kuonekana mzima kisha akaanza kubanwa na pumzi saa kadhaa baadaye, kwa hiyo kikohozi kisichokoma ni sababu tosha ya kuonwa na daktari. Hospitali walimweka chini ya uangalizi hadi jioni wakamruhusu. Hakupata madhara ya kudumu.

Siku ya pili: kosa la upande wa pili

Kwa hofu niliagiza watu wote waingie bila risasi hata moja. Usalama wa juu ya maji ulipatikana. Kazi ya chini haikuwezekana. Waliovaa suti walizama mita mbili kwa kupiga mapezi kwa nguvu, na walipoacha tu walipanda kama vizibo. Mmoja akaanza kushika mawe ili akae chini. Sikilidi wengi hulinda mayai na watoto wao kwenye nyufa za mawe hayohayo, na tuliwatawanya tuliokuja kuwahesabu. Takwimu za siku ile tulizitupa zote.

Isitoshe, kupambana kushuka kunamaliza oksijeni haraka, na mtu anashawishika kuvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama ili akae zaidi. Tabia hiyo ni hatari kubwa. Inapunguza hewa ukaa mwilini, na hewa ukaa ndiyo inayomwambia mtu "panda." Mzamiaji anaweza kuzimia akiwa anakaribia juu bila kuonywa na mwili wake. Niliona wawili wameanza kufanya hivyo, nikasimamisha kazi mchana.

Siku ya tatu: kupima

Tulifanya ambacho kingefanyika siku ya kwanza, na kilichukua dakika arobaini kwa watu wanne. Tulichagua mahali pa kina cha kifuani, nahodha pembeni na jeriken lake. Kila mtu alivaa vilevile atakavyovaa kazini na kukaa majini kwanza dakika tano, ili suti ilowe na hewa iliyonaswa ndani yake itoke. Suti kavu hudanganya.

Kisha alisogea kwenye maji yanayozidi kimo chake kidogo, akakaa wima, mikono imetulia, mapezi hayachezi. Kwa pumzi ya kawaida iliyovutwa na kushikiliwa, kichwa na shingo vilipaswa kuwa nje. Halafu, na hapa ndipo penye kipimo chenyewe, alitoa pumzi polepole kama anayelala. Akiwa ametoa hewa, macho lazima yabaki juu ya maji. Yakizama, risasi zinapunguzwa nusu kilo nusu kilo na kipimo kinaanza upya. Mwisho alizama hadi mita tatu kuona kama anaweza kukaa pale bila kupigana.

Hamisi tulimwanzishia kilo nne zilezile, kwa ombi lake, akiwa ameshika jeriken. Alipotoa pumzi alishuka wima hadi miguu ikagusa mchanga. Alipotokeza alisema, "Kumbe nilikuwa naogelea na mzigo." Kwa kilo tatu macho yalizama. Kwa kilo mbili yalibaki. Mwanafunzi mwembamba hakuhitaji hata gramu. Mwenzake, mnene kidogo na aliyeazima suti ya milimita 5, alitulia kwa kilo tatu na nusu, zaidi ya Hamisi mwenye misuli. Ningekisia kwa macho ningekosea kwa wote wawili.

Hesabu yenyewe

Lita moja ya maji ya bahari yenye joto la pwani yetu ina uzito wa takriban kilo 1.023. Lita moja ya maji ya Tanganyika kwa nyuzi 25 au 26 ina kilo 0.997. Kuna wanaosema ziwa hili nalo lina chumvichumvi, na kweli lina madini kidogo, lakini ni chini ya gramu moja kwa lita, ilhali bahari ina gramu 35. Kwa kuelea hiyo haina uzito wowote.

Kwa kanuni ya Archimedes, maji hukunyanyua kwa kiasi cha uzito wa maji uliyoyasukuma pembeni. Hamisi pamoja na suti, mapezi na mkanda alikuwa na kilo 75. Baharini alitulia kwa vifaa hivyo, bila kushuka wala kupanda, maana yake alikuwa akisukuma lita 73 na kidogo za maji. Lita hizohizo Kigoma zinamnyanyua kwa kilo 73 tu. Amepoteza takriban kilo 1.9 za kubebwa bila kubadilisha chochote mwilini mwake. Tofauti ni asilimia mbili na nusu, lakini ni asilimia mbili na nusu ya mtu mzima na vyote alivyovaa. Hapo ndipo nilipokosea siku ya kwanza: akilini mwangu niliikata asilimia hiyo kutoka kwenye kilo nne za mkanda, nikapata gramu mia.

Risasi nayo husukuma maji kidogo, kwa hiyo kilo moja ya risasi ndani ya maji huvuta chini kama gramu 910 hivi. Kumwondolea Hamisi zile 1.9 kulihitaji risasi za kilo mbili na kidogo, na kipimo cha kutoa pumzi kilitupa mbili. Wanaotumia mawe badala ya risasi wajue jiwe la kawaida hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake majini, kwa hiyo kilo ya jiwe na kilo ya risasi si mkanda mmoja.

Hesabu hii inaeleza pia kwa nini alizama kwa urahisi na akafurahi. Kwa makadirio, baharini alikuwa akitulia kwenye mita sita: juu ya hapo maji yalimrudisha, chini ya hapo yalimvuta. Ziwani, kwa mkanda uleule, mpaka huo ulipanda hadi karibu mita moja. Kwa hiyo kila alipozama hadi mita tatu alikuwa ndani ya eneo linalovuta chini, kwa kuwa mapafu na vipovu vya suti hubanwa kadiri unavyoshuka. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, hewa ya juu ni nyepesi kidogo na suti huvimba kidogo zaidi, lakini kwa suti ya milimita 3 hilo halibadilishi mkanda.

Uchambuzi

Hesabu si ngumu hata kidogo, na Hamisi angeweza kuifanya mwenyewe. Kilichotuzuia wote wawili ni lugha. Alisema "kilo zangu," kama mtu anavyosema namba ya kiatu chake, nami nikaipokea hivyo. Kilo nne hazikuwa zake. Zilikuwa za mwili wake katika suti fulani, ya unene fulani, katika maji ya Tanga. Daftari langu lilikuwa na safu moja ya uzito bila safu ya suti wala ya maji, na safu isiyokuwapo haimuulizi mtu swali.

Nahodha aliuliza, kwa namna yake. Sentensi yake ilikuwa na kila kitu isipokuwa namba, na kwa kuwa haikuwa na namba niliichukua kama maneno ya wazee. Nilipaswa kumuuliza, "Mzee, umeona nini?" Baadaye alinieleza kwamba amewahi kuwaona watu wa Pwani wakihangaika hivyohivyo bila mkanda wowote, wakishangaa wanachoka haraka.

Lakini uzito kupita kiasi haukutosha kumfikisha pale. Kilo mbili za ziada zingekuwa usumbufu wa sekunde tatu kama mkanda ungevuliwa kwa mkono mmoja. Mkanda wa risasi ukishafungwa kwa fundo haukuachii unapouhitaji kukuachia. Nilikubali fundo kwa sababu lilikuwa la muda. Mkanda usio na bizimu ulipaswa kubaki mjini, na Hamisi kuzama siku ile bila suti na bila risasi.

Na kuna la tatu, ambalo nililijua hospitalini tu. Nilimuuliza kwa nini hakulishika fundo mapema, alipoona anaanza kuchoka, mikono ikiwa bado na nguvu. Akanyamaza, kisha akasema, "Kaka, ulisema mkanda ni wa gharama. Mimi mgeni, niliogopa kuwatia hasara siku ya kwanza." Risasi za kilo nne. Nilikaa na jibu hilo usiku kucha. Katika hadhari zote nilizotoa asubuhi ile, iliyoshika ndiyo iliyomfunga.

Yaliyofanya kazi vizuri ni machache na hayakuwa mpango wangu: jeriken lenye kamba lililokaa mahali pake, nahodha asiyewasha injini, na mwanafunzi aliyethubutu kusema mbele ya mkubwa wake. Kipimo cha siku ya tatu nacho kilithibitisha hesabu kwa Hamisi, ila kwa yule wa suti ya kuazima hesabu peke yake ingetupotosha, kwa kuwa hatukujua suti ile inaelea kiasi gani. Hesabu inakupa mahali pa kuanzia. Pumzi iliyotolewa ndiyo inayotoa jibu.

Tulivyofanya kazi baada ya hapo

Mabizimu ya kufunguka kwa mvuto mmoja yaliletwa kutoka Dar es Salaam. Mkanda sasa unavaliwa mwisho, juu ya kila kitu, ncha ya kuvuta ikiwa upande uleule kwa watu wote, ili mwokoaji asiitafute. Kila mtu anautupa mara tano mchangani na mara tano majini kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Asubuhi nasema hivi: ukisita, tupa, risasi nitalipa mimi. Wiki ya pili mwanafunzi mmoja aliutupa kwa sababu ya msuli uliokaza mguuni. Ulikuwa kwenye mita nne, tukauokota baada ya chakula.

Hamisi alimaliza kazi yote kwa kilo mbili na hesabu zake ndizo zilizokuwa safi kuliko za wote. Aliporudi Tanga alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa ameingia baharini na suti ileile akajipima upya kwa kutoa pumzi, akianzia mbili na kuongeza nusu nusu. Ametulia kwenye tatu na nusu. Zile nne, alisema, alizipata suti ilipokuwa mpya, kabla mpira haujachoka, na tangu hapo hakuwahi kupima tena.